Kiharusi huwanyemelea walio na shinikizo la damu

UGONJWA wa shinikizo la juu la damu hauna maumivu. Anayeugua hula, hulala na kwenda kazini huku akijiona buheri wa afya, ilhali mishipa yake ya damu inazidi kuchakaa mwaka baada ya mwaka. Wengi huutambua siku wanapoamka na kugundua kwamba mkono hauinuki, mdomo umepinda na maneno hayatoki.

Hicho ndicho kiharusi, maradhi ambayo huua kwa saa chache au kumwacha mtu akiwa hai lakini akitegemea wengine kumlisha, kumwogesha na kumgeuza kitandani. Mara nyingi anayepatwa ndiye aliyekuwa akiilisha familia. Kwa hivyo nyumba moja hupoteza mapato yake, na papo hapo hulazimika kumpata mtu wa kukaa na mgonjwa mchana na usiku.

Kati ya mambo yote yanayosababisha kiharusi na ambayo binadamu ana uwezo wa kuyarekebisha, hakuna linalolishinda shinikizo la damu. Ajabu ni kwamba hakuna pia lililo rahisi kulipima: kinachohitajika ni mkanda wa kufunga mkononi na dakika chache za utulivu.

Kiharusi ni nini

Ubongo hauna akiba ya chakula wala hewa. Hutegemea damu inayoufikia kila sekunde. Damu inapokatika, sehemu iliyokuwa ikihudumiwa na mshipa huo huanza kufa. Mtaalamu wa Marekani Jeffrey Saver alikadiria mwaka 2006 kwamba katika kila dakika ya kiharusi kisichotibiwa, ubongo hupoteza seli za neva zipatazo milioni 1.9.

Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza hutokea bonge la damu linapouziba mshipa unaopeleka damu ubongoni. Ya pili hutokea mshipa unapopasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo au kuuzunguka. Aina ya kwanza ndiyo hutokea zaidi duniani. Hata hivyo, utafiti umeonyesha kuwa barani Afrika kiwango cha viharusi vya kupasuka kwa mshipa ni kikubwa kuliko katika mataifa tajiri, na aina hiyo ndiyo iliyofungamana zaidi na shinikizo la damu lisilotibiwa.

Kuna pia kiharusi cha muda mfupi. Mgonjwa hupooza upande mmoja au kushindwa kuzungumza kwa dakika kadhaa, kisha hali yake hurejea kama kawaida. Wengi humshukuru Mungu na kuendelea na shughuli zao. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu tukio hilo ni onyo kwamba kiharusi kamili kinaweza kufuata, pengine katika muda wa siku mbili tu.

Namna shinikizo linavyoharibu mishipa

Shinikizo la damu huandikwa kwa tarakimu mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unapoisukuma, na ya chini ni nguvu iliyosalia moyo unapopumzika. Kwa kawaida daktari husema mtu ana ugonjwa huu ikiwa vipimo vya siku mbili tofauti vinaonyesha 140 au zaidi kwa tarakimu ya juu, au 90 au zaidi kwa tarakimu ya chini.

Damu inayopita kwa nguvu kupita kiasi huukwaruza utando laini ulio ndani ya mishipa. Mafuta hujikusanya mahali palipojeruhiwa, njia ikawa nyembamba, na bonge la damu likapata pa kuanzia. Katika mishipa midogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, kuta hunenepa na kukakamaa. Nyingine hudhoofika na kuvimba hadi zinapopasuka. Moyo nao hupanuka kwa kazi nzito, mapigo yake yakapoteza mpangilio, na mabonge yanayotengenezeka humo husafiri hadi kichwani.

Hatari haianzii kwenye 140. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliojumuisha takwimu za watu wazima milioni moja, ulionyesha kuwa kwa walio na umri wa kati ya miaka 40 na 69, kila ongezeko la 20 katika tarakimu ya juu huzidisha hatari ya kufa kwa kiharusi zaidi ya mara mbili. Mwenye 155 yumo hatarini maradufu kuliko mwenye 135, hata kama wote wawili wanajisikia vyema.

Ukubwa wa tatizo

Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa mwaka 2021 kulikuwa na visa vipya vya kiharusi vipatavyo milioni 11.9 duniani, na watu takriban milioni 7.3 waliaga dunia kwa ugonjwa huo, wengi wao katika mataifa ya kipato cha chini na cha kati. Shirika la Afya Duniani (WHO) nalo lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu bilioni 1.4 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na ni takriban mmoja tu kati ya watano aliyekuwa amelidhibiti.

Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 miongoni mwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69 uligundua kuwa karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa maishani. Miongoni mwa waliopatikana na ugonjwa, takriban 16 tu kati ya 100 ndio waliokuwa wakijua kwamba wanao, na chini ya mmoja kati ya kumi ndiye aliyekuwa akitumia dawa.

Katika nchi jirani ya Tanzania, watafiti waliwafuatilia wakazi wa wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na wa jiji la Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ili kuhesabu wanaopatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walipata visa takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na takriban 316 jijini Dar es Salaam. Kiwango hicho cha jijini kilizidi cha mataifa mengi yaliyoendelea.

Maradhi yaliyokuja na mabadiliko ya maisha

Hali haikuwa hivi tangu jadi. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyekuwa akihudumu katika wilaya iliyoitwa South Kavirondo wakati wa ukoloni, yaani maeneo ya Kisii na Nyanza Kusini, alichapisha vipimo vya shinikizo la damu vya Waafrika 1,000. Alieleza kwamba tofauti na Wazungu, ambao shinikizo lao lilipanda kadiri walivyozeeka, la wenyeji hao lilielekea kushuka baada ya umri wa miaka 40.

Miongo mitano baadaye, watafiti waliwachunguza watu wa jamii ya Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya na kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na waliosalia nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kuwa shinikizo la wahamiaji lilipanda muda mfupi tu baada ya kufika jijini. Uzani wao uliongezeka, na mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi katika chakula chao ilikuwa imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu, madini yanayopatikana kwa wingi katika matunda na mboga.

Funzo la tafiti hizo mbili ni kwamba damu ya Mwafrika haikuumbwa na ugonjwa huu. Kilichobadilika ni maisha. Na leo si lazima mtu ahamie jijini ili maisha yake yabadilike, kwani chumvi ya viungo vya viwandani, soda, mafuta ya kukaangia na pikipiki ya kumfikisha mlangoni vimemfuata hadi kijijini.

Historia ya tiba nayo ina funzo lake. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipimwa mwezi Machi 1944 akapatikana na shinikizo la 186 kwa 108. Madaktari wa wakati huo hawakuwa na dawa ya maana ya kulishusha. Mnamo Aprili 12, 1945, alilalamikia maumivu makali ya kichwa, akazimia na kufariki muda mfupi baadaye kwa mshipa uliopasuka ubongoni. Alikuwa na umri wa miaka 63, na alipopimwa siku hiyo shinikizo lake lilikuwa limezidi 300.

Dawa za kuongeza mkojo zinazoshusha shinikizo zilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1967, utafiti uliofanyiwa wanaume 143 waliokuwa wakitibiwa katika hospitali za maveterani nchini Marekani ulidhihirisha kuwa matibabu huzuia kiharusi na vifo. Mkulima aliye na kadi ya kliniki leo anaweza kupata katika zahanati tiba ambayo rais wa taifa tajiri zaidi hakuweza kuipata mwaka 1945.

Mambo yanayoongeza hatari

Si kila mwenye shinikizo la juu hupatwa na kiharusi. Utafiti uliofanywa katika mataifa 32, Uganda ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanahusika na takriban visa tisa kati ya kumi vya kiharusi. Shinikizo la damu peke yake lilihusishwa na karibu nusu ya visa hivyo. Mengine ni kutofanya mazoezi, mafuta mabaya katika damu, lishe duni, kitambi, msongo wa mawazo, uvutaji sigara, maradhi ya moyo, pombe na kisukari.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2018, na uliowahusu wagonjwa wa Nigeria na Ghana, uliongeza jambo la kutafakariwa na kila mpishi: wasiokula mboga za majani mara kwa mara walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Sukuma wiki, mchicha, managu na kunde, ambazo wengi huziona kuwa chakula cha mwisho wa mwezi, kumbe ni kinga.

Kwa aliye tayari na shinikizo la juu, hatari huongezeka zaidi anapokuwa na mojawapo ya haya:

Kisukari. Sukari nyingi katika damu huharibu kuta zilezile za mishipa zinazoshambuliwa na shinikizo. Magonjwa haya mawili huandamana mara kwa mara, na anayepatikana na moja anafaa kupimwa la pili.

Mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Hali hii huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano, na kuna dawa za kuzuia damu isigande ambazo daktari huweza kumpa mgonjwa.

Sigara na pombe. Moshi wa tumbaku hubana mishipa na kuifanya damu iwe nyepesi kuganda. Unywaji wa kupindukia hupandisha shinikizo na huchangia hasa kupasuka kwa mishipa.

Chumvi. WHO hupendekeza mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha iliyo katika mkate, viungo vya mchuzi na vitafunio. Mwaka 2021, utafiti uliofanyiwa watu wapatao 21,000 katika vijiji 600 vya China ulionyesha kuwa waliopewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa na potasiamu badala ya sodiamu walipata visa vya kiharusi vichache kwa asilimia 14. Walio na ugonjwa wa figo hawafai kutumia chumvi hiyo bila ushauri wa daktari.

Ujauzito. Shinikizo linalopanda wakati wa mimba huweza kusababisha kifafa cha mimba na kiharusi kwa mama angali kijana. Wanawake waliowahi kupitia hali hiyo wanapaswa kuendelea kupimwa hata baada ya kujifungua.

Dawa nyinginezo. Baadhi ya dawa za kutuliza maumivu zinazonunuliwa madukani bila cheti, zikiwemo diclofenac na ibuprofen, hupandisha shinikizo zikitumiwa kwa muda mrefu. Vivyo hivyo baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi. Ni vyema mgonjwa amweleze daktari kila anachomeza.

Kuacha dawa

Hatari iliyo kubwa kuliko zote hizo ni mgonjwa kuacha dawa. Hufanya hivyo kwa sababu nyingi. Kuna anayepimwa, akaona tarakimu zimeshuka hadi 125 na kudhani kwamba amepona. Haelewi kuwa ni dawa ndiyo iliyoshusha, na akiiacha shinikizo litapanda tena. Kuna anayemeza tu siku anapoumwa na kichwa, ilhali wenye shinikizo la juu wengi hawaumwi na kichwa kamwe. Mwingine hukosa nauli na pesa za dawa, akagawanya vidonge vya mwezi mmoja vitoshe miezi miwili.

Kuna pia anayesumbuliwa na madhara ya dawa. Baadhi huleta kikohozi kikavu, nyingine huvimbisha miguu au kumfanya mgonjwa aende haja ndogo kila mara. Dawa zipo za aina nyingi, na daktari anaweza kubadilisha isiyomfaa mgonjwa. Utafiti uliofanywa katika mataifa sita ya Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na kutangazwa mwaka 2019 ulibaini kuwa kwa Waafrika wanaohitaji dawa mbili, mchanganyiko ulio na amlodipine hufanya kazi vizuri zaidi kuliko ule usio nayo kati ya michanganyiko iliyolinganishwa.

Faida ya kuendelea na matibabu si ndogo. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kuwa kila shinikizo la juu linaposhushwa kwa 10, hatari ya kiharusi hupungua kwa zaidi ya robo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ugonjwa huu ufa huzibwa kwa kidonge cha kila siku.

Kupima ipasavyo

Kipimo kibaya huweza kumtia mtu wasiwasi wa bure au kumpa matumaini ya uongo. Anayepimwa anafaa kuketi kwa utulivu kwa muda wa dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea kiti, miguu ikikanyaga sakafu bila kupishanishwa, na mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo. Asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia, na aende msalani kwanza. Mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya sweta, na asizungumze wakati wa kupimwa.

Kila mtu mzima anafaa kupimwa angalau mara moja kwa mwaka, hata akiwa mwembamba, hata akiwa kijana, na hata ikiwa hakuna mgonjwa katika ukoo wake.

Dalili na hatua za haraka

Dalili za kiharusi huja ghafla. Uso hulegea upande mmoja, mtu akitabasamu mdomo ukapinda. Mkono au mguu wa upande mmoja hukosa nguvu au kufa ganzi. Maneno hutoka kwa kukokotwa au hayaeleweki. Wengine hupoteza uwezo wa kuona, hupepesuka, au huumwa na kichwa kwa namna ambayo hawajawahi kuumwa.

Moja tu ya dalili hizo inatosha. Jambo la kwanza ni kuitazama saa na kukumbuka ni lini mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho, kwa sababu dawa ya kuyeyusha bonge la damu hufaa tu ikiwa itatolewa katika muda wa saa nne na nusu. La pili ni kumpeleka moja kwa moja katika hospitali kubwa iliyo na mashine ya CT ya kupiga picha ya ubongo, kwani bila picha hiyo daktari hawezi kubainisha kama mshipa umezibwa au umepasuka.

Ni kwa sababu hiyo mgonjwa hapaswi kupewa aspirini nyumbani, kwa maana ikiwa mshipa umepasuka dawa hiyo huzidisha kuvuja kwa damu. Asipewe chakula wala maji, kwa kuwa huenda koo limepooza na akasakamwa. Wala asimezeshwe vidonge vingi vya presha ili shinikizo lishuke upesi. Alazwe kwa ubavu iwapo amezimia au anatapika.

Ucheleweshaji mwingi husababishwa na imani. Watafiti waliochunguza suala hili nchini Tanzania waligundua kuwa jijini Dar es Salaam watu wengi walikihusisha kiharusi na mapepo au uchawi, na kwa hivyo walitafuta kwanza tiba za kienyeji. Familia ina haki ya kumwombea mgonjwa wake, lakini dua inaweza kusomwa ndani ya gari la kuelekea hospitalini, huku saa zile nne na nusu zikiwa bado hazijayoyoma.

Anayenusurika huhitaji mazoezi ya viungo na ya kuzungumza mapema iwezekanavyo, na huhitaji kudhibiti shinikizo lake kwa makini kuliko awali, kwa sababu aliyepatwa na kiharusi mara moja yumo katika hatari kubwa ya kupatwa tena. Jamaa zake nao wanafaa kupimwa, kwani huenda wanakula chungu kimoja na kurithi damu moja.